Vidokezo 10 vya kumsaidia mtoto wa kanda ya dhahabu kuona mbali

Mgodi wa Buzwagi, pale Kahama, ulianza kutoa dhahabu mwaka 2009. Uzalishaji ukakoma mwaka 2021. Mtoto aliyezaliwa Kahama mwaka ule mgodi unaanza alikuwa na miaka 12 tu unapofungwa, bado amevaa sare ya shule ya msingi. Mgodi mzima, pamoja na malori yake, ajira zake na akina mama lishe waliopika kwa ajili ya wafanyakazi wake, ulizaliwa na kwisha ndani ya utoto wa mtu mmoja.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Watoto wetu wa Shinyanga na Geita wanakulia mahali ambapo fedha huja kwa kishindo na huondoka kwa kishindo. Rashi, yaani mbio za kukimbilia dhahabu mpya, ikilipuka mwanzoni mwa wiki, mwisho wa wiki kuna vibanda vya maturubai, bodaboda, chipsi na muziki. Jicho la mtoto linazoea vitu vya haraka. Kazi yetu wazazi, walezi, shangazi na walimu ni kulirefusha jicho hilo lifike miaka kumi, miaka ishirini mbele. Mengi ya haya hayahitaji fedha. Anzia popote.

1. Chora miaka ukutani

Mtoto wa miaka tisa hajui "baadaye" ni lini. Ukimwambia "soma, utanishukuru baadaye," umemwambia neno lisilo na umbali. Chukua mkaa au chaki, chora mstari mrefu ukutani, au nyuma ya kalenda ya mwaka jana. Kila mwaka uwe na alama yake. Hapa ndipo ulipo sasa. Hapa utamaliza shule ya msingi. Hapa kidato cha nne. Hapa utafikisha miaka 18. Kisha tia mambo ya nyumbani: hapa mdogo wako ataanza darasa la kwanza, hapa miembe tuliyopanda itakuwa inazaa, hapa bibi atakuwa na miaka 80. Sasa mtoto ana ramani ya muda, na yeye mwenyewe yumo ndani yake pamoja na watu wake.

Kabla ya kuchora, pita shuleni. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 unaifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita badala ya saba, na kwa mpango wa serikali mwaka 2027 darasa la sita na la saba wanamaliza pamoja. Mwalimu mkuu atakuambia mtoto wako yuko kundi lipi.

2. Mwonyeshe kazi zilizo nyuma ya gramu moja

Waulize watoto wa Katoro au Nyarugusu kazi wanazozijua. Utasikia mwalimu, daktari, askari, mwenye duara (shimo la dhahabu), mwenye gari. Hawajakosa hamu, wamekosa orodha ya kuchagua. Basi anza na dhahabu yenyewe, maana wanaijua. Kuna mjiolojia aliyesoma miamba kabla ya sururu ya kwanza kupigwa. Kuna mpima ardhi. Bulyanhulu wanachimba chini ya ardhi, kwa hiyo kuna watu ambao kazi yao yote ni kuhakikisha hewa inafika huko chini. Kuna fundi umeme, fundi mitambo, mkemia wa maabara anayepima sampuli, mtaalamu wa mazingira anayechunguza maji, mhasibu, muuguzi, mwanasheria anayesoma mikataba. Kwenye soko la dhahabu la Geita, lililofunguliwa na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa Machi 2019, kuna anayepima usafi wa dhahabu na anayekokotoa mrabaha wa serikali. Wote hao waliwahi kuwa watoto wasiojua kwamba kazi hizo zipo.

Mkipita mahali fundi anatengeneza karasha, ile mashine ya kusaga mawe, simameni kidogo. Msalimieni, kisha mtoto aulize mwenyewe: "Shikamoo baba. Ulijifunza wapi kazi hii? Ilikuchukua muda gani?" Mafundi wengi hufurahi sana kuulizwa. Na usiishie kwenye dhahabu, maana mashine za mpunga za Kahama na viwanda vya kuchambua pamba vina mafundi na wahasibu wao, na ng'ombe wa Usukuma wanahitaji madaktari wa mifugo leo kama walivyowahitaji jana.

3. Sema ukweli kuhusu duara

Hiki ni kidokezo kigumu, na naomba ukae nacho.

Juni 2020, Saniniu Laizer, mchimbaji mdogo wa Mirerani, aliiuzia serikali mawe mawili makubwa ya tanzanaiti kwa zaidi ya shilingi bilioni 7. Picha yake akiwa na hundi ilifika kila kona, na vijana wengi wa kiume wa kanda yetu wanaijua picha hiyo kuliko kitu chochote walichofundishwa darasani mwaka ule. Mweleze mwanao na yaliyobaki. Laizer hakuwa kijana aliyetoroka shule juzi akakuta jiwe. Alikuwa mchimbaji wa muda mrefu, mwenye wafanyakazi wengi, na mara tu baada ya kupata fedha zile alitangaza kwamba anataka kujenga shule.

Kijiweni huwa anasimuliwa aliyepata. Aliyekaa duarani miaka mitatu akarudi Maswa na begi lake lilelile hasimuliwi. Kaa na mtoto mhesabu watu mnaowafahamu, taratibu, bila kumdhalilisha mtu: katika waliofanya kazi duara fulani, wangapi leo wana nyumba ya bati? Wangapi bado wana afya? Wangapi wanafanya kazi nyingine kabisa? Jibu la hesabu hiyo litamwingia kuliko hotuba.

Usitukane uchimbaji. Katika kaya nyingi za Geita na Msalala, madaftari ya mtoto huyo yamenunuliwa kwa fedha ya mawe, na ukiitukana kazi ya baba yake umemtukana baba yake. Unachotakiwa kusema ni umri. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa yeyote aliye chini ya miaka 18, na inakataza kumfanyisha kazi za hatari, za machimboni zikiwamo. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya watoto katika machimbo madogo ya dhahabu nchini, Geita na Kahama zikiwamo: watoto walioingia mashimoni, waliobeba viroba vya mawe, waliochanganya zebaki kwa mikono mitupu. Zebaki huharibu mfumo wa fahamu, na mvuke wake wakati wa kuchoma dhahabu ni mbaya zaidi, hasa kwa mtoto ambaye ubongo wake bado unakua. Mtoto aliyeharibiwa na zebaki akiwa na miaka 12 ataingia na madhara hayo katika kila lengo atakaloweka baadaye.

Kisha mpe njia. Kama kweli anataka kuchimba, basi achimbe kama mtu mwenye mpango. Leseni ya uchimbaji mdogo hutolewa kwa miaka 7 na inaweza kuhuishwa. Hiyo pekee inakuonyesha kuwa uchimbaji unaoheshimu sheria ni jambo la miaka. Mchimbaji anayesoma ramani, anayejaza fomu zake mwenyewe na anayejua gharama zake za mbao, mafuta na maji hapunjwi kirahisi na mnunuzi. Hilo ni lengo halali la maisha, na linaanzia kwenye hisabati ya darasa la nne.

4. Mpeleke kwenye ngitili

Kama kuna kitu ambacho watu wa Shinyanga wanaweza kuwafundisha walimwengu kuhusu kusubiri, ni hiki. Msukuma tangu zamani hufunga sehemu ya malisho wakati wa mvua, majani yakue, ng'ombe wapate pa kulishia kiangazi. Eneo hilo ndilo ngitili. Lakini kwa miongo kadhaa miti ilikatwa, kwanza kufukuza mbung'o, kisha kupisha pamba na kuni, na ngitili zikapungua mno. Mwalimu Nyerere alipofika Shinyanga mwaka 1984 aliona nchi inayogeuka jangwa. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Wakati huo ngitili zilizobaki kwenye kumbukumbu zilikuwa kama hekta 600. Vijiji vikakubaliana wapi mifugo isiingie, na visiki vilivyodhaniwa vimekufa vikachipua vyenyewe. Baada ya takriban miaka 15 ngitili zilikuwa zimevuka hekta 300,000, na mwaka 2002 kazi hiyo ikapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Mtafute mzee aliyekuwapo. Bado wapo, Shinyanga Vijijini, Kishapu, Meatu. Mwombe amwambie mtoto ilikuwaje mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, wakati hakuna kitu kinachoonekana na jirani anataka kuingiza ng'ombe. Hapo ndipo mtoto atajua kwamba lengo la muda mrefu lina miaka ya katikati, miaka isiyo na sifa wala picha, na kwamba watu wa kwao waliivuka. Shuleni, kidato cha pili na cha tatu ndiyo miaka hiyo. Wengi huachia hapo.

Kama mna kieneo, mpe mtoto kona ndogo aifunge mwenyewe. Ikifika Septemba, vumbi limetanda, mpeleke aone majani aliyoyaacha Februari.

5. Mpe mbuzi, na usimuuze kimya kimya

Mbuzi jike mmoja, au kuku watatu kama mbuzi ni mzigo. Mtoto aandike kwenye daftari lini mbuzi alizaa, nani alikufa, nani aliuzwa kwa bei gani. Mkubaliane mapema mbuzi huyo ni wa nini: sare za kidato cha kwanza, godoro la bweni, nauli.

Sasa sikiliza. Siku ya msiba au ugonjwa itafika, na macho ya watu wazima yatamwangukia yule mbuzi. Inaruhusiwa, familia ni familia. Ila mwite mtoto kwanza, umwombe, na deni liandikwe kwenye daftari lilelile lenye tarehe ya kulipa. Mtoto ambaye mbuzi wake alipotea akiwa shuleni amejifunza kwamba kuweka akiba ni ujinga, na somo hilo kulifuta ni kazi ya miaka.

6. Lengo la binti lijulikane na ukoo mzima

Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010, Shinyanga ndiyo iliyoongoza nchi nzima kwa ndoa za utotoni: asilimia 59 ya wanawake waliohusika waliolewa kabla ya miaka 18. Nyuma ya takwimu hiyo kuna ng'ombe. Binti akianza kuvunja ungo, wapo watu ndani ya ukoo wanaoanza kuhesabu mahari, na mara nyingi mahari hayo yameshapangiwa kumwolea kaka yake. Kwa hiyo lengo la binti likibaki siri kati yake na mama, halina ulinzi siku baba wadogo watakapokaa kikao.

Liseme hadharani. Baba, sema wewe, mbele ya ndugu zako, kwenye harusi au Krismasi, watu wakiwa wameshiba na wanasikiliza: "Huyu binti yangu anasomea uuguzi. Mpaka amalize, asiniletee mtu habari za ng'ombe." Bibi asikie. Shangazi asikie, maana shangazi ndiye atakayetumwa kuja kumbembeleza. Neno la baba lililosemwa mbele ya mashahidi huwa gumu kulirudisha, na binti mwenyewe akilisikia hutembea tofauti.

Sheria pia iko upande wake. Tangu mwaka 2016, kumwoa mwanafunzi au kumpa mimba kunaweza kumpeleka mtu jela miaka 30. Rebeca Gyumi alifungua kesi kupinga vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, akashinda Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana na hukumu hiyo mwaka 2019. Mwambie binti yako jina hilo. Ajue kuna mwanamke wa Kitanzania aliyesimama mahakamani kwa ajili ya watoto kama yeye.

Na kama mimba imeshaingia? Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba mwanafunzi aliyejifungua anaweza kurudi shuleni. Mstari ule wa ukutani haukatwi. Unasogezwa mwaka mmoja au miwili, mtoto mchanga anapata bibi wa kumlea, na binti anaendelea.

7. Fedha ya Mei, mahitaji ya Januari

Msimu wa kununua pamba kwa kawaida hufunguliwa Mei. Shule hufunguliwa Januari. Kati ya hapo kuna miezi saba ya sherehe, misiba na mikopo. Ada imeondolewa hadi kidato cha nne tangu 2016, na kidato cha tano na sita tangu 2022, lakini viatu, sare, madaftari, chakula na nauli viko palepale. Siku ya kuuza pamba, mpunga au dengu, mtoto akae karibu mnapohesabu. Sare inunuliwe siku hiyohiyo, kubwa kidogo.

8. Baada ya kidato cha nne kuna milango, siyo mlango

Mtoto mara nyingi huambiwa kuna njia moja: kidato cha tano, chuo kikuu, kazi ya ofisini. Matokeo yakiwa mabaya anaona dunia imefungwa, na asubuhi inayofuata yuko machimboni. Mfundishe mapema kwamba njia ni nyingi. Kuna vyuo vya ufundi vya VETA: uchomeleaji, umeme, ufundi magari, mitambo. Kuna Chuo cha Madini Dodoma kwa anayetaka miamba. Katika mtaala mpya kuna mkondo wa amali ndani ya sekondari yenyewe, ambako kijana anatoka na ujuzi wa mikono pamoja na cheti. Na tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo inawakopesha pia baadhi ya wanafunzi wa stashahada, fani za madini na sayansi ya ardhi zikiwamo. Wazazi wengi bado wanadhani mikopo ni ya chuo kikuu tu.

Umri nao usimtishe. John Magufuli wa Chato alianza kazi akifundisha kemia na hisabati Sengerema. Shahada ya kwanza aliipata 1988, ya uzamili 1994, na ya uzamivu, juu ya kemia ya maganda ya korosho, mwaka 2009, akiwa na umri unaokaribia miaka 50 na tayari ni waziri. Miaka 21 kati ya shahada ya kwanza na ya tatu. Iandike hiyo ukutani pia.

9. Mtafutie mtu aliye hatua mbili mbele, na umruhusu abadilike

Waziri yuko mbali mno. Mtoto wa darasa la sita anamhitaji dada wa jirani aliye kidato cha tatu, amwonyeshe daftari lake la fizikia na kumwambia ukweli kuhusu bweni. Na akisema mwaka huu anataka urubani na mwaka ujao ukulima wa bustani, mwache. Futa neno moja mwishoni mwa mstari, andika jingine. Miaka ya katikati ni ileile.

10. Rashi ikilipuka, mtoto asihame na turubai

Hapa ndipo malengo mengi ya watoto wa kanda yetu hukatikia. Baba anasikia Mbogwe wamepata dhahabu, familia inafunga mizigo usiku, mtoto anaondoka katikati ya muhula bila karatasi yoyote. Miezi minne baadaye mawe yamekwisha, wanahamia kwingine. Huyo mtoto hajafeli mtihani wowote, ila amepoteza mwaka.

Kama lazima uende, nenda wewe kwanza. Mtoto abaki kwa bibi, kwa mama mkubwa, au kwa familia ya rafiki unayemwamini, angalau hadi likizo, na umtumie fedha ya matumizi kila wiki kwa simu ili asiwe mzigo pale alipo. Kama familia yote inahama, nenda shuleni kwanza, uombe barua ya uhamisho, uchukue ripoti za maendeleo yake, kisha ukifika upande wa pili tafuta shule kabla ya kutafuta kibanda. Cheti cha kuzaliwa kiwe ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na leseni yako na kadi za kliniki. Kama hana cheti, kashughulikie ofisi ya wilaya mwaka huu huu, kwa sababu siku atakapoomba mkopo wa chuo ataulizwa namba ya cheti hicho, na wakati huo wewe unaweza kuwa umeshafika Chunya.